Kwa wanafunzi wa fizio mnaoanza wodini: mgonjwa wa kiharusi ndiye anafaa kufanya mazoezi, sio wewe

Kila kundi jipya likiingia wodini hapa Kisumu naona kitu kile kile. Mwanafunzi anafika kwa kitanda, anashika ule mkono uliolala, anaukunja, anaukunjua, anauzungusha, halafu anaandika kwa faili kwamba mazoezi yamefanyika. Aliyefanya ni nani sasa? Kukunja mkono wa mgonjwa kuna kazi yake, viungo visikauke, lakini ubongo haujifunzi juu mtu mwingine amesongesha mkono. Unajifunza mwenyewe akijaribu, hata kama ni kidole kimecheza kidogo tu, na akirudia na kurudia, apumzike kisha arudie tena.

Na hapo kwa kurudia ndio tunaanguka. Kuna utafiti wa Marekani na Kanada wa 2009, watu walikaa wakahesabu mgonjwa anatumia mkono mara ngapi kwa kipindi kimoja, na hata pale alipopewa kazi halisi ya mkono wastani ilikuwa 32 tu. Panya wa maabara walirudia mamia kwa siku ndio ubongo wao ukabadilika. Sasa fikiria sisi, wodi imejaa, mgonjwa anaenda nyumbani Seme ama Nyakach na kliniki atakuja kama nauli imepatikana. Hizo mamia haziwezi kutoka kwako, zitatoka kwa mtu wa nyumbani, kwa hivyo siku ya kwanza tafuta nani atakuwa naye mchana, kama ni mkamwana ama mjukuu, na umfundishe huyo kwa mikono yake afanye ukiona.

Mfundishe vitu vya pale kwao. Kusimama kutoka kwa kiti ni zoezi kubwa sana na halitaki mashine. Anza na kiti kirefu, ongeza mto kama ni lazima, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti na ule mguu dhaifu usiachwe mbele, maana ukiwa mbele atainuka na ule mzima peke yake, halafu ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu ndio ainuke. Anayemsaidia asimame upande dhaifu. Akizoea, toa mto.

Mkono nao upewe kazi yenye maana. Mama aliyekuwa anauza omena sokoni Kibuye ukimpa koni za plastiki apange atakuangalia tu, lakini mpe gorogoro, ule mkebe wa kupimia, achote omena kutoka kwa karai amwage kwa lingine, utashangaa vile anajituma. Kama kifundo cha mkono na vidole vinaweza kufunguka kidogo, kuna mbinu iliyotokana na kazi ya Edward Taub, ya kuvalisha ule mkono usio na shida glavu ndio ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio la EXCITE la 2006 lilichukua wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, kundi moja likafanya hivo wiki 2, na mwaka mmoja baadaye walikuwa bado mbele ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kwa hivyo usikubali familia iambiwe ati ameshachelewa. Lakini kama mkono haujacheza kabisa usimfungie ule mzuri, utamnyima hata kula.

Bega jamani! Bega la upande uliopooza limelegea, misuli haishiki, ukivuta mkono kumwinua ama ukimbeba kwapani unaliumiza, na mtu mwenye bega bovu halali na hataki mazoezi tena. Waonyeshe watu wa nyumbani vile ya kumshika bila kuvuta mkono kabla hawajampandisha kwa boda ama matatu.

Pima presha kwanza kila wakati. Na zile saa 24 za mwanzo usikimbilie kumsimamisha kwa nguvu na kwa muda mrefu, jaribio la AVERT la 2015 lenye wagonjwa 2,104 lilionyesha walioamshwa mapema sana na kwa wingi walitoka vibaya kidogo kuliko wengine.

Wakienda nyumbani wape kalenda, mjukuu achore kijistari kila akisimama. Siku ya kliniki uliza hiyo kalenda kabla hujagusa mkono, na ikiwa tupu usimgombeze mtu, uliza nini kilizuia, mara nyingi utasikia mkamwana alikuwa shambani ama dawa za presha ziliisha, hapo sasa mpange upya pamoja.