Ukiandika wasifu wa baba askari, usimwache kambini

Siku tulipomzika baba, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Niliuandika usiku wa kuamkia mazishi, sebuleni kwetu hapa Tabora, sanduku lake la bati likiwa wazi miguuni pangu. Nilitaja mwaka aliozaliwa, mwaka aliojiunga na Jeshi la Wananchi, vyeo vyake kuanzia praiveti hadi afisa mteule daraja la kwanza, vikosi alivyopitia, Medali ya Kagera, Medali ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikarudi kukaa nikiamini nimemtendea haki.

Jioni mama akaniita chumbani. "Baba," akasema, maana mimi nimerithi jina la baba yake mzazi, "yule askari uliyemsoma nimemsikia. Mume wangu umemwacha wapi?"

Sikuwa na jibu. Kuanzia siku ile hadi arobaini nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya baba akiwa hai. Nakueleza wewe ambaye mzee wako wa jeshi bado yupo, au umefiwa juzi na ukoo umekushikisha kalamu.

Anza na aliyelala naye chumba kimoja. Mimi nilianza na makaratasi, nikapata mifupa. Mama aliponieleza ndipo nilipojua kwa nini miaka yote alikaa upande wa kulia wa baba, mezani, kanisani, hata kwenye basi. Baba alikuwa mtu wa mizinga. Februari 1979, majeshi yetu yalipoipiga Masaka, kule Uganda, katika vita dhidi ya Idi Amin, alikuwa kwenye mzinga siku nzima, na tangu hapo sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakutaka watu wajue. Basi mama akahamia kulia, na sisi watoto tukakua tukidhani ndivyo wake wote wanavyokaa.

Tarehe, lakini, usiziamini kumbukumbu za mtu yeyote. Hapo makaratasi ndiyo yenye kauli: hati ya kustaafu, barua za uhamisho, kitambulisho chenye namba yake ya jeshi. Yapige picha kwa simu leo, mchwa wa Tabora hawasubiri. Na matukio ya nchi yaweke mahali pake, kwa sababu wajukuu hawayajui. Mwalimu Nyerere alitangaza vita hivyo tarehe 2 Novemba 1978, akisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mjukuu akisikia hivyo tu atadhani babu alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Sivyo. Baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na baba alikuwa mmoja wao. Aliposhuka kwenye treni ya Mwanza hapa stesheni, dada yangu aliyemwacha mgongoni alikuwa anakimbia, na alimkimbia yeye. Mama anasema baba aliweka begi chini, akachuchumaa palepale kwenye changarawe, akangoja mpaka mtoto akamkaribia mwenyewe. Hilo sikulisoma kaburini. Ningelikuwa na sentensi moja tu ya kusoma, ningesoma hiyo.

Tafuta barua. Chini ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni, tulikuta kumi na moja. Zote zinaanza vilevile: ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu huko. Kisha hakuna vita hata mstari mmoja. Anauliza kama mtoto ameota meno. Anamwambia mama asimlipe fundi kabla paa halijanyeshewa mvua ya kwanza.

Na hapa nina neno zito kidogo. Kama mzee hakusimulia mapigano, usimsimulie wewe. Msibani nilisikia ndugu mmoja akiwaeleza vijana namna baba alivyomaliza kundi zima la maadui peke yake. Hakuwahi kusema hivyo. Wenzake wastaafu waliokaa chini ya turubai waliinamisha vichwa, na niliona aibu. Wao ndio wa kuulizwa. Wapelekee chai, keti nao, waombe ruhusa ya kuwarekodi. Mmoja aliniambia baba ndiye aliyewaandikia barua wenzake wasiojua kuandika, zamu kwa zamu, kwa mwanga wa koroboi. Ukiwaacha waondoke na magari ya jioni, huenda hutawaona tena.

Kwa aliye hai, usimketishe na kumwambia "tusimulie vita". Atasema ilikuwa kazi, atanyamaza. Mfuate kwenye shughuli zake. Baba alipostaafu alirudia mizinga mingine, ya nyuki, aliyoitundika kwenye miyombo kule Sikonge, na akiwa anafukiza moshi aliongea kuliko siku zote. Niliwahi kumsindikiza mara mbili tu kwa miaka yote ile. Nilikuwa na shughuli za mjini, na hilo linaniuma kila ninapofungua debe la asali. Muulize vitu vidogo: mlikula nini, nani alikuwa rafiki yako, viatu vilidumu miezi mingapi.

Waulize pia ndugu zako, kila mmoja peke yake. Tuko saba, na kila mmoja ana baba wake. Dada anakumbuka usiku wa kuamkia kufungua shule: baba anaketi kwenye kigoda, anapanga viatu vyetu, jozi saba, kwa mstari kama gwaride, anavipaka Kiwi kimoja kimoja, anavipulizia pumzi na kuvisugua mpaka ving'ae. Buti zake alizimalizia mwisho, mara nyingi sote tukiwa tumeshalala.

Siku ya arobaini nilisoma upya. Kurasa nne, vyeo vikiwa aya moja. Watu walipotawanyika, mama aliomba tumpeleke makaburini. Alifika upande wa kushoto, akasimama kidogo, akazunguka taratibu hadi upande wa kulia, akaketi. Ndipo akamsalimia.