Sikio halina kasoro, ni mdundo wa lugha ya kwanza

Umeuliza kwa nini watoto wako wa kwaya wakiimba Kiingereza wanachelewa mapigo, ilhali wimbo wa Kiswahili wanaushika mara moja. Tafadhali usiwaambie hawana sikio la muziki. Wanalo, ila limezoea mdundo mwingine.

Kiswahili hutamka kila silabi kwa ukamilifu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hubana silabi zisizo na mkazo hadi zinakaribia kumezwa. Mwambie mtoto aimbe "banana" kwa Kiingereza: atazitamka silabi zote tatu kwa ukamilifu, wakati mwenye lugha hukazia ya kati na kuzibana zile mbili. Tena silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo "desk", ambayo ina noti moja, inaweza kugeuka de-si-ki. Silabi tatu kwenye noti moja! Hapo lazima achelewe.

Mazoea haya huanza mapema mno. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hata vilio vya watoto wachanga wa Kifaransa na wa Kijerumani hutofautiana: sauti ya vya Kifaransa huelekea kupanda, ya vya Kijerumani kushuka.

Mimi ningeanza bila wimbo kabisa. Wasome maneno kwa sauti ya kawaida huku wakipiga makofi kwenye silabi zenye mkazo peke yake, zile nyingine zipite haraka katikati ya makofi. Yakishakaa mdomoni, ndipo ulete tuni ya wimbo.