Kabla mzee hajauza kiwanja ili ukasome nje

Wadogo zangu mliomaliza form six, na wazazi pia maana najua mnapita humu, leo naomba mnisikilize kwenye jambo moja tu. Kila mwaka ikifika Julai matokeo ya NECTA yakitoka inboksi yangu inajaa swali lile lile, dada nchi gani nzuri kwenda kusoma, India au China, Uturuki au Malaysia, na mi kila mtu namjibu hivi hivi, nchi iache kwanza, niambie mwaka wa tatu ada analipa nani.

Wengine wanakasirika wanaona kama nawakatisha tamaa. Sikatishi mtu tamaa. Mi mwenyewe nilienda, nikamaliza, na digrii yangu ndo inanilisha mpaka leo.

Niliondoka 2014, nikaenda Pune, India, kusomea uinjinia wa mitambo, chuo cha binafsi, miaka 4. Tulikuwa Watanzania 9 kwenye kundi letu tuliopelekwa na ajenti mmoja wa Dar. Tuliomaliza ni 5. Wale wanne waliorudi njiani hakuna hata mmoja aliyerudishwa na masomo, na mmoja wao alikuwa na akili kuliko sisi wote pale, hesabu anafanya kama anakunywa maji. Waliishiwa hela basi. Na ukiangalia vizuri, hela zao ziliisha kabla hawajapanda ndege, ila hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu mpaka mwisho.

Kwa wengi wetu inakuwaga hivi. Mtoto amepata div wani au div two nzuri, nyumbani furaha, mjomba anaahidi milioni, shangazi aliyeko Muscat anaahidi tiketi, kanisani au msikitini wanachanga kidogo, mzee anaongezea alichonacho, ada ya mwaka wa kwanza inatimia, watu wanapiga picha eyapoti. Ile ada ya mwaka wa kwanza ni rahisi kuipata kwa sababu kila mtu ana moyo wa kuchanga kwenye kuagana, sasa ya mwaka wa pili inakuja Juni mwaka unaofuata hakuna sherehe, mjomba naye ana mwanae anaingia form one, shangazi kule mkataba umeisha, unabaki wewe na baba yako na simu.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa sekondari, Morogoro. Kiinua mgongo chake na kiwanja cha Kihonda ndo vilinipeleka. Ajenti alituandikia kwenye karatasi ada dola 2,500 kwa mwaka, na mwaka ule katikati dola moja ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 1,660, kwahiyo mzee akazidisha akapata 4,150,000, akazidisha mara nne, akajumlisha na ya kula, akasema mwanangu hii tunaiweza. Akaiweka hela kwenye akaunti ya shilingi, benki, kwa uaminifu kabisa, hakugusa hata senti.

Mwaka uliofuata, 2015, mnaokumbuka mnakumbuka shilingi ilivyoporomoka. Kufika Julai dola iko kwenye 2,150 hivi. Ada ile ile dola 2,500, chuo hakijapandisha kitu, lakini nyumbani imekuwa 5,375,000. Milioni moja na laki mbili na ushee zimetoka wapi? Nakumbuka simu ile. Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akanyamaza, baba yangu sio mtu wa kunyamaza, alafu akaniuliza hivi hao hawawezi kupokea kwa hela yetu? Nilikaa kwenye ngazi za hosteli nikalia, sikumwambia kama nalia.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo na ndo mkubwa. Chukua karatasi, chora miaka yote ya kozi, sio mmoja, kozi ya udaktari China ni miaka 6 basi chora sita, andika ada kwa dola sio kwa shilingi, alafu unapobadilisha kuja shilingi usitumie dola ya leo, panda juu kidogo kila mwaka. Saivi dola imeshapita 2,400, mi nilienda iko 1,660, pima mwenyewe. Pembeni ya kila mwaka andika jina la mtu anayelipa. Jina kabisa, sio "familia". Ukikuta mwaka wa tatu hauna jina, bado hujawa tayari kuondoka, na kusema hivo sio aibu.

Halafu kuna hela ambazo kwenye karatasi ya ajenti hazipo. Pasipoti laki na nusu, hiyo ndogo. Viza, bima, kugongesha mihuri vyeti. Ukifika India viza yako ikiwa ya zaidi ya siku 180 lazima ujiandikishe FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, na kila viza ikikaribia kuisha unaanza tena mzunguko wa makaratasi. Ukipanga nje ya hosteli mwenye nyumba anataka dipoziti ya miezi kadhaa mkononi. Likizo jiko la hosteli linafungwa, na wewe huna nauli ya kurudi, utakula nini miezi miwili? Hakuna aliyeniambia. Tulikuwa tunasonga ugali wa suji, ile semolina, maana unga wa sembe kama wetu dukani pale hakuna, na ugali wa suji ukiuzoea unashibisha vizuri tu, nasema hili kwa wanaokwenda mwaka huu mjue.

Na weka akiba ya dharura, alafu iweke benki. Tarehe 8 Novemba 2016 usiku serikali ya India ilitangaza noti za rupia 500 na 1,000 zinakufa usiku huo huo. Mi nilikuwa na rupia 30,000 kwenye sanduku, kodi ya nyumba na ya kula mpaka Januari, zote ni noti hizo hizo. Kubadilisha kwenye dirisha la benki, mwanzoni kikomo kilikuwa rupia 4,000 kwa mtu, ATM inatoa 2,000 kwa siku kama ina hela, na foleni inaanza alfajiri. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na akaunti benki nikaziingiza zote taratibu, wenzangu ambao hawakufungua akaunti kwa uvivu wa makaratasi waliteseka, wakaenda kuomba kwa watu wenye akaunti wawaingizie, na mmoja hakurudishiwa yote. Mwenye nyumba wetu, tulimwita ankoli, alituvumilia wiki tatu bila kodi na alitutumia dengu na chapati nyumbani kwake, Mungu ambariki popote alipo.

Sasa hapa watu wananiambia dada nikifika nitafanya kazi. Mdogo wangu, viza ya mwanafunzi ya India hairuhusu kazi. Ukikamatwa unafanya kazi unarudishwa. Marekani kwa viza ya F-1 unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa semista tena ndani ya chuo, na kabla hujapewa hiyo viza unatakiwa uonyeshe hela ya mwaka mzima ipo. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havina ada ni kweli, lakini kwa hesabu ya 2024 lazima ufungie euro 11,904 kwenye akaunti maalum ndo wakupe viza, na form six yetu peke yake mara nyingi haitoshi unapitishwa kwanza mwaka wa maandalizi. Kazi ya kubeba maboksi inaweza kukusaidia kula. Ada haiwezi kulipa, usiipangie hesabu.

Kuhusu ajenti. Sisemi wote wabaya, kuna wanaofanya kazi yao vizuri. Jua tu kwamba vyuo vingi vinamlipa kamisheni kwa kila kichwa anachopeleka, kwahiyo wewe unavyomuona kama mshauri wako yeye ana mwajiri mwingine. Wa kwetu alitwambia tumepata "nusu skolashipu", baba yangu alishukuru sana mpaka akampelekea mchele wa Kilombero, na nilipofika nikakuta kila mgeni pale ana hiyo nusu, hata waliokuja wenyewe bila ajenti. Ilikuwa bei ya kawaida tu. Kwahiyo ingia mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, tafuta ukurasa wa ada za wanafunzi wa kigeni, linganisha. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Tafuta Watanzania wanaosoma pale saivi hivi, sio wale waliowekwa kwenye picha za tangazo, waulize kodi ya chumba ni ngapi na wanakula sh ngapi kwa mwezi.

Na nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kabla hujalipa hata mia. Uliza chuo na kozi vinatambulika, uliza ajenti wako wanamjua, na uliza wewe mwenyewe vigezo vyako vinatosha, maana ukiwa huna zile principal pass mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili form six, kuna chuo huko nje kitakupokea kwa furaha na ukirudi digrii yako inakuwa karatasi. Kama ni uinjinia uliza na Bodi ya Wahandisi, kama ni udaktari uliza Baraza la Madaktari. Ni asubuhi moja tu ya kuzunguka.

Skolashipu za kweli zipo na ndo njia ambayo ningetamani ungeanza nayo. Ya serikali ya China inalipa ada, malazi, na mwanafunzi wa digrii ya kwanza anapewa yuan 2,500 kila mwezi, ila wengi mnaanza na mwaka mzima wa kujifunza Kichina. Ya Uturuki, Türkiye Bursları, maombi yanafunguliwa Januari 10 mpaka Februari 20, bure kabisa, na wao wanaweka mpaka tiketi. India wenyewe wana ya ICCR, baraza la serikali yao la uhusiano wa kitamaduni, nilikuja kuijua niko mwaka wa pili, iliniuma sana. Mtu akikuomba hela ili akuombee skolashipu ya serikali yoyote, kimbia.

Tatizo ni tarehe. Mtihani wa form six unafanya Mei, matokeo Julai, na hizi skolashipu nyingi zinafungwa Januari mpaka Aprili, kwahiyo ukipata cheti milango ya mwaka huo imeshafungwa. Hapo ndo watu wanaingia mikononi mwa maajenti, kwa sababu wanaogopa kukaa nyumbani mwaka mmoja, majirani watasema nini. Kaa. Nenda JKT, jifunze lugha, tengeneza pasipoti, omba Januari. Mwaka mmoja nyumbani sio kitu ukilinganisha na kurudi toka mwaka wa pili mikono mitupu na kiwanja kimeuzwa. Na kumbuka ukienda kwa hela zako nje bumu la Bodi ya Mikopo hulipati, wakati hapa UDSM au SUA au Mzumbe mwenye sifa anaweza kukopeshwa ada na hela ya kula. Vyuo vyetu watu wanavidharau bure.

Nilitaka nimzungumzie yule mwenzetu mwenye akili niliyemtaja mwanzo. Anatokea Kigoma. Ada ya mwaka wa pili haikutimia, na hakumwambia mtu yeyote, nyumbani alisema imelipwa, sisi alituambia imelipwa, kila asubuhi anavaa anatoka na begi kama anaenda darasani kumbe anaenda kukaa bustanini, mpaka siku ya kuchukua hol tiketi, vile vibali vya kuingilia mtihani, ndo tukaona jina lake halipo. Semista nzima alibeba peke yake. Kama angesema mapema, kile chuo kilikuwa kinakubali ulipe kwa mafungu, mi mwenyewe ndo nilivyopona 2015, niliandika barua nikaomba mafungu matatu wakanikubalia. Lakini tarehe ya kuomba ilikuwa imeshapita na mahudhurio yake yalikuwa chini ya asilimia 75 hata angelipa asingeruhusiwa kufanya mtihani. Tulimchangia nauli akarudi. Kwahiyo siku hela ikigoma, siku hiyo hiyo nenda ofisi ya chuo, alafu piga nyumbani. Na wazazi nawaomba, kama huku mambo yameharibika mwambieni mtoto ukweli, msimwambie usijali soma tu.

Mdogo wangu wa mwisho naye amemaliza form six, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), anataka udaktari na anataka nje. Mwezi uliopita tulikaa sebuleni sisi watatu na mzee, tukachora ile karatasi miaka 6. Mwaka wa kwanza jina langu, wa pili jina langu, wa tatu kaka yetu wa Dodoma ambaye tulimpigia simu hapo hapo akaulizwa na akakubali mwenyewe. Wa nne mpaka wa sita tulikosa jina. Kwahiyo ameomba Muhimbili na UDOM kwenye dirisha la TCU, pasipoti tumeshaichukua, jioni anasoma Kichina kwenye simu, na Januari tutajaribu skolashipu. Mzee aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye Biblia yake.