Mzigo Mbovu Kutoka China: Siku Zinahesabiwa Kabla Haujafika Uyole

Mwaka jana mwezi Machi niliagiza mtandaoni mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai 56. Ilipokelewa na wakala wa kusafirisha mizigo kule Guangzhou, China, akaipakia kwenye meli, ikashuka Dar, ikapanda basi. Mpaka inafika kwangu Uyole, Mbeya, tulikuwa Juni, baridi imekolea.

Nikachomeka, kioo kikasoma 37.8, ndilo joto linalotakiwa. Siku hiyohiyo nikapanga mayai. Siku ya 21 ikapita, hakuna hata moja lililodonolewa. Nikapasua moja, nikakuta kiini kimegandia ganda na vimishipa vya damu vimekauka. Mama mdogo, ambaye amefuga kuku tangu sijazaliwa, akaniuliza: "Mwanangu, hilo joto ulilipima na nini?" Sikuwa nimelipima. Nikachukua kipimajoto cha homa, nikakilaza katikati ya trei. Kioo cha mashine 37.8, kipimajoto 40.3. Mayai yote yale niliyachemsha mwenyewe. Iliniuma sana.

Nilipomwandikia muuzaji akajibu kwa adabu kwamba muda wa malalamiko umeisha. Hapa ndipo wengi wetu tunaotumia mawakala tunapoumia. Kwa muuzaji, mzigo umepokelewa siku ulipoingia ghala la wakala kulekule China. Siku zako zinakwisha wakati boksi liko baharini.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, muulize wakala kama atakufungulia boksi, awashe kitu na akurekodie video kabla ya kupakia. Wengine wanatoza kidogo kwa kazi hiyo, toa. Mwambie pia muuzaji kwa maandishi kwamba unatumia umeme wa volti 230, maana kifaa cha volti 110 ukikichomeka huku kinaungua, na kosa litahesabiwa ni lako.

Mzigo ukikufikia mkononi, usikate gundi kabla kamera haijawaka. Onyesha lebo, kata, toa, washa, bila kusimamisha video. Kisha pima. Mimi sasa naiacha mashine tupu iwake siku nzima na kipimajoto ndani kabla ya kugusa yai. Na mtandao ulionunulia ukikuuliza kama umeridhika na mzigo, usibonyeze ndiyo mpaka uwe umejaribu, kwa sababu mara nyingi ukibonyeza, hela inakwenda kwa muuzaji.

Muuzaji akisema rudisha, ulizia kwanza nauli posta. Yangu ingezidi bei ya mashine. Afadhali udai urudishiwe sehemu ya hela au utumiwe kipuri. Na kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, usiifute: hela hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa.

Mimi hela sikuipata. Nilirekodi video, kioo cha mashine na kipimajoto vikionekana pamoja, na karatasi yenye namba ya oda pembeni. Nikaandika sentensi tatu fupi, bila matusi: joto halisomi sawa, ushahidi huu hapa, naomba sensa mpya, yaani kile kifaa cha ndani kinachopima joto. Akaniahidi punguzo la ununuzi ujao. Nikakataa, nikarudia ombi lilelile. Mara ya nne akakubali. Sensa ikaja na mzigo wa wakala wa Septemba, fundi wa Mwanjelwa akaifunga kwa dakika kumi, na mama mdogo akaja na kipimajoto chake mwenyewe kuhakikisha.