Kinyume au kinyumenyume?

Umeuliza kama unaweza kuandika "muda hubadilika kinyumenyume na mwendo". Hapana ndugu, haiendi. Kinyumenyume ni ya matatu inayorudi nyuma steji huku makanga akigonga bodi. Hapo weka "kinyume": kimoja kikipanda, kingine kinashuka, tena kwa uwiano uleule. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukienda kilomita 80 kwa saa, ni saa mbili. Ukienda 40 (lori la viazi hilo), ni saa nne. Mwendo nusu, muda mara mbili. Basi andika "muda hubadilika kwa kinyume na mwendo".

"Kinyume chake" ni kitu kingine, hupindua kauli iliyotangulia: "Sikuchelewa, kinyume chake, nilifika kabla mlinzi hajafungua geti."