Tunakwenda Disney watu wanane, tulale wapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Atlanta na mume wangu. Mkubwa ni binti wa miaka 14, anamfuata mvulana wa miaka 10, halafu pacha wa miaka sita, na kitinda mimba ana miaka miwili na nusu. Mavyaa wangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa tisa, atakaa nasi miezi minne, na mume wangu ameamua wiki ya Krismasi twende sote Disney World, Orlando, siku nne. Ugomvi uko kwenye malazi. Mume kashawaahidi watoto ile hoteli ya twiga, Animal Kingdom Lodge, bila hata kuuliza bei. Wifi yangu wa Tampa anasema huko ni kutupa pesa, tukodi nyumba Kissimmee, vyumba vinne na bwawa la kuogelea uani: "Ina jiko kubwa, na sisi Jumapili tutakuja kushinda." Mavyaa tukimuuliza kwa simu anasema popote sawa, ila magoti yanamsumbua, na hali nyama asiyojua imechinjwa vipi. Nikisema neno naambiwa sitaki mama wa watu afurahi. Nimefika pa kutamani waende wenyewe. Nifanye nini?*
*Mama Pacha, Atlanta*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikarudia, na kila nikirudia jicho linakwama palepale: "ina jiko kubwa." Wewe umeniuliza mlale wapi. Mimi nataka kwanza tujue nani atapika, maana hapo ndipo mnapogombania bila kupataja, na mahali mtakapolala ndipo patakapoamua.

Tusimwonee wifi yako. Nyumba ya kukodi Kissimmee ina akili yake. Mitaa mizima kule imejengwa kwa ajili ya watalii, nyumba ziko kilomita chache tu kutoka Disney, na kwa watu wanane gharama ya kila kichwa inashuka vizuri. Kuna mashine ya kufulia, mavyaa anapata chumba chake na mlango wake wa kufunga. Mngekuwa mnakaa siku kumi, au mnakwenda familia mbili mkigawana kodi na zamu za sufuria, ningekwambia chukua nyumba na usinisumbue.

Lakini nyinyi mnakwenda siku nne. Hebu ifikirie asubuhi ya kwanza. Watoto wameamka gizani kwa furaha, mavyaa ameshasali na anangoja chai, baba anatafuta chaja ya simu, na wewe uko mbele ya jiko usilolijua unafungua makabati kutafuta mwiko. Saa tatu mnatoka, wengine walishaingia zamani kiwanjani, yaani kwenye bustani za michezo za Disney. Jioni mnarudi miguu imevimba, na swali ni lile la Atlanta: leo tunakula nini? Jumapili wifi kaja kushinda na wanawe, na kushinda kwa mawifi tunakujua, jua likizama mtu anauliza shuka za akiba ziko wapi. Hapo likizo ni ya kila mtu isipokuwa wewe. Nadhani moyo wako ulishalijua hilo, ndiyo maana unatamani kubaki nyumbani.

Na liko jambo la pili kuhusu hiyo nyumba, ambalo kwangu ni zito kuliko kupika. Mama mwenye magoti mabovu hatakwenda kiwanjani siku zote nne. Siku akibaki, mtasema, "Basi na mdogo abaki na bibi yake, alale." Sasa mmemwacha bibi mgeni, mtaa asioujua, hana gari, hana jirani wa kumwita, na mtoto wa miaka miwili anayekimbia, na uani kuna maji. Nyumba nyingi za kule zina uzio wa neti kuzunguka bwawa, au king'ora mlangoni, lakini mtu mzima akisinzia na mlango mmoja ukasahaulika wazi, mtoto hahitaji dakika tano. Kama mwishowe mtaangukia kwenye nyumba, sharti la kwanza liwe hili: mdogo haachiwi bibi hata saa moja, na uzio uuone kwenye picha kabla ya kulipa.

Sasa twiga wa baba watoto. Hoteli yenyewe si uongo. Imefunguliwa 2001, na kweli twiga na pundamilia wanapita chini ya roshani asubuhi. Majina yote ya kwetu: kuna Jambo House, kuna Kidani Village, migahawa inaitwa Boma, Sanaa na Jiko, na hilo Jiko angalau hutapika wewe. Ila si kila chumba kinaona wanyama. Mnaolipia chumba cha kutazama mbuga ndio mnaoona, wengine wanaona bwawa au maegesho. Vyumba vingi vya kawaida vinachukua watu wanne, kwa hiyo nyinyi mnahitaji viwili, na viwili vya kutazama mbuga vitakula mara mbili na zaidi ya vyumba viwili vya hoteli ya bei nafuu ya Disney hiyohiyo. Kidani kuna makazi ya vyumba viwili vya kulala yanayochukua watu tisa, yana jiko na mashine ya kufulia, lakini bei yake mwambie mumeo aitazame akiwa ameketi. Halafu hoteli iko pembeni. Ukitoa kiwanja cha Animal Kingdom, kila mahali ni safari ya basi, na kwenye basi la Disney kigari cha mtoto lazima ukikunje. Mtoto amelala, begani una begi, mkononi una kigari, na pacha mmoja anataka kukojoa.

Ahadi ya baba lakini isivunjwe. Kuona twiga wale si lazima ulale pale. Wekeni nafasi ya chakula cha mchana Sanaa, mgahawa wa Kidani wenye madirisha makubwa yanayotazama mbuga. Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla, na tiketi ya kiwanja haitakiwi. Mkimaliza kula, shukeni nje mkatazame wanyama mpaka watoto wachoke. Ifanyeni siku ambayo hamwendi kiwanjani, na mavyaa awepo. Kipindi cha watu wengi msiende bila nafasi, mtarudishwa getini.

Mimi ningewalaza Pop Century. Ni katika zile hoteli za Disney za bei ya chini, haina makuu, imepambwa kwa yoyo na pini za boling kubwa kama jengo, vitu vya kuchekesha watoto. Chukueni vyumba viwili vyenye mlango katikati. Kila chumba kina kitanda kimoja kikubwa cha kudumu, na meza ukutani ambayo usiku unaivuta inageuka kitanda cha watu wawili. Chumba cha kwanza: mavyaa na binti mkubwa kitanda cha kudumu, pacha kwenye kile cha ukutani. Chumba cha pili: wewe na mumeo, mvulana ukutani, na mdogo kwenye kitanda chake cha mtoto, hoteli inawapa bure mkiomba. Kitanda cha ukutani kikishashushwa pa kupita panabaki padogo, kwa hiyo masanduku yawe yameshapangwa kabla. Vyoo viwili, bafu mbili. Kwa watu wanane asubuhi moja, hilo si jambo dogo.

Binti yako wa miaka 14 huenda akanuna kulala na bibi. Mwache anune. Usiku wa pili watakuwa wanacheka gizani.

Pale Pop Century kuna Skyliner, vile vibanda vya kuning'inia kwenye waya vilivyoanza 2019. Kibanda kimoja kinachukua watu hadi kumi, na kigari hakina haja ya kukunjwa kama kwenye basi. Kinakupelekeni kwenye viwanja viwili, EPCOT na Hollywood Studios, mnabadilisha mara moja njiani. Mwenye kiti cha magurudumu ana sehemu yake ya kupandia ambako kibanda kinasimama kabisa, na kwa wasio na chao, viti vinakodishwa kwenye lango la kila kiwanja, vya kutumia humo ndani. Msione haya kumkodia mama, kutwa ya Disney ni kilomita nyingi za kutembea. Radi ikipiga Skyliner inasimama, mnapanda basi.

Mnakwenda na gari lenu kutoka Atlanta, na najua mumeo atasema basi la nini. Kwa kiwanja cha Magic Kingdom, mwambie aliache hotelini. Ukienda na gari lako hulifikishi langoni. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, kisha unapanda feri au treni ya reli moja ndipo ufike. Jioni unarudia yote kinyumenyume, watoto wamelala mabegani. Basi la hoteli linakushusha karibu na lango. Wageni wa hoteli za Disney hawalipi maegesho, si hotelini wala viwanjani, ilhali kutoka Kissimmee ungelipa kila siku. Faida kubwa zaidi ni mchana: saa saba jua kali, mavyaa amechoka, mdogo analia, mnarudi chumbani mnalala saa mbili, mnatoka tena jioni. Na siku mavyaa akibaki, anabaki penye watu, ana lifti, ana mahali pa kukaa nje akatazama watoto wa wenzake wakiogelea.

Chakula sasa, maana wifi atakuja na hilo. Disney hawakatazi chakula chako kiwanjani, mradi si chupa za kioo wala pombe. Chumbani mna friji ndogo, na kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli kuna maikrowevu ya wageni. Pikeni Atlanta, tena nasema *pikeni*: binti akate, baba akaange. Sambusa, mahamri, maharage, kuku mliyemnunua kwenye bucha yenu. Siku mbili za kwanza zimeisha hapo. Baada ya hapo mavyaa ana samaki na mboga migahawani, na Orlando ina migahawa ya halali, gari mnalo. Maji baridi ya bure ombeni kwenye vibanda vya chakula viwanjani, msinunue chupa kwa watu wanane.

Tarehe ndiyo inayonipa shaka zaidi. Wiki ya Krismasi ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo yenye msongamano. Umesema mdogo ana miaka miwili na nusu. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaingia bila tiketi. Wa miaka 3 hadi 9 analipa bei ya mtoto, na kuanzia 10 ni bei ya mtu mzima, kwa hiyo mvulana wako ameshavuka. Kama shule za watoto zina mapumziko ya Oktoba, na mavyaa atakuwa ameshafika, nendeni Oktoba kabla mdogo hajatimiza mitatu. Oktoba ni msimu wa vimbunga Florida, silifichi hilo. Mwaka 2024 kimbunga Milton kiliifanya Disney ifunge viwanja vyake.

Haya, utayasemaje haya bila kuonekana unamkatalia mama wa watu? Usianze na wifi. Mpigie mavyaa mwenyewe, mkiwa wawili, usimuulize "unataka wapi", maana mkwe mwenye adabu zake atasema popote. Muulize vitu vidogo: mama, unaweza kupanda ngazi? Ungependa kulala na mjukuu au peke yako? Siku ukichoka, ungependa kubaki penye watu au penye kimya? Majibu yake yapeleke kwa mumeo kama yalivyo. Akisema kimya na peke yake, basi mimi nimekosa shabaha na nyumba irudi mezani, ila kwa zamu za jikoni zilizoandikwa na jina la baba likiwa juu.

Wifi aambiwe na kaka yake, si wewe. Na Jumapili yao ipo: kutaneni Disney Springs, mtaa wa maduka na migahawa ambako kuingia na kuegesha ni bure. Watoto watacheza na binamu zao, kila mtu atanunua chake, na usiku watarudi Tampa.

Mumeo ndiye aweke nafasi, kwa kuwa ndiye aliyeahidi. Apige simu badala ya kubonyeza tu, amwambie mhudumu maneno matatu: mlango katikati ya vyumba uandikwe kwenye nafasi, chumba cha mama kiwe karibu na lifti, kitanda cha mtoto kiwepo. Achukue vyumba peke yake kwanza, tiketi baadaye. Kwa vyumba unatoa amana ya usiku mmoja, na ukifuta wiki moja kabla inarudi. Wenye nyumba za kukodi wengi hawana huruma hiyo, na kwa msimu wa vimbunga hilo pekee lingenitosha mimi kuchagua.

Shangazi