Kabla hujamwambia mteja "shokapu zimekufa"

Mwaka wangu wa kwanza gereji nilimbadilishia mteja shokapu mbili za mbele ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ilikuwa Corolla NZE, inagonga ko-ko-ko kila ikipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo. Nikachungulia chini, nikaona vumbi limegandamana na oili kidogo kwenye shokapu ya kushoto, nikahukumu palepale. Tukafunga mpya. Gari halijafika hata getini, ko-ko-ko ikarudi. Mgonjwa alikuwa stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na nondo ya kuzuia gari kulala, kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na shokapu. Mteja akarudishiwa hela yake, mimi nikakatwa posho mpaka deni likaisha.

Wadogo zangu mnaoanza, shokapu (au shokamzoba, kama wazee wanavyoiita) iliyokufa mara nyingi iko kimya. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke: ndani kuna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ikichoka, gari linapita tuta halafu linaendelea kudunda kama mtumbwi. Ukikanyaga breki, pua inazama. Kwenye kona linalala upande. Kelele kwa kawaida ni za majirani zake: linki, bushi za wishboni (raba za mkono wa chini unaoshika gurudumu), boljointi (kiungo cha duara mwishoni mwa mkono huo), mauntini ya juu (kiti kinachoifunga shokapu kwenye bodi).

Gari linalogonga anza na linki. Fungua zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, pita kwenye rasta taratibu. Kelele ikikatika, mchawi umempata. Mlio ukija pale usukani unapokatwa, kama waya unaoachia ghafla, mwambie mwenzako azungushe usukani gari limesimama huku umelaza kiganja kwenye springi, vidole visiingie katikati ya koili. Ukisikia springi inajikaza kisha inaruka, beringi ya mauntini imekwama.

Sasa shokapu yenyewe. Kubonyeza boneti na kuhesabu midundo kunakamata iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inapita mtihani huo vizuri. Mimi naamini joto. Endesha kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo kama dakika 15, simama, gusa kila shokapu kwenye mwili wake, ukikaa mbali na diski za breki na ekzosi. Inayofanya kazi utaikuta ina joto. Iliyo baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili inasafiri tu, haifanyi kazi. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kwa kuzungusha: ukihisi mawimbi, sehemu imeliwa na sehemu imebaki, tairi lilikuwa linarukaruka barabarani. Kuhusu oili, unyevunyevu mwembamba wenye vumbi usikutishe. Futa kwa kitambaa, mwambie mteja arudi baada ya wiki. Ukikuta imelowa tena na inatiririka, sili, ile raba inayozuia oili isitoke, imekwisha.

Badilisha mbili kwa mpigo, kushoto na kulia. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litakuwa na tabia mbili, na mteja ataigundua kwenye kona au akifunga breki ya ghafla. Wapo wanaotoboa shokapu ya zamani, wanajaza oili na kuchomelea. Mimi sifanyi, na gari la mtu anayebeba watoto siwezi hata kulijadili.

Kwenye kufungua ndipo ninapotaka mnisikilize. Juu ya shokapu ya mbele ya Corolla utaona nati tatu pembeni na moja kubwa katikati. Zile tatu ni zako, pamoja na boliti mbili kubwa za chini. Ile ya katikati USIIGUSE mpaka springi iwe imebanwa kwa vibanio viwili vizima, vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Niliwahi kumwona mwenzangu akibana kwa kibanio kimoja na waya wa kufungia nondo. Waya ukakatika. Mauntini ikapaa, ikatoboa bati la kibanda, na yeye alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuokota spana. Mpaka leo tukibana springi, hakuna anayeweka uso juu yake.

Kabla ya kung'oa boliti za chini, chora alama ya rangi pale zilipokaa. Ukishazitoa, funga nako (chuma kinachobeba gurudumu) kwa waya isining'inie kwenye paipu ya breki wala isiivute ekseli nje. Shokapu mpya isimamishe wima uivute na kuisukuma mara tano sita, maana ilikaa imelala dukani na hewa imeingia kwenye oili. Fimbo yake inayong'aa usiishike kwa plaiza kamwe: mkwaruzo mmoja unakula sili, na mwezi haujaisha mteja yuko mlangoni. Raba ya kuzuia kugonga na mfuko wa vumbi weka vipya. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikaze mwisho, gari likiwa limekanyaga chini, vinginevyo raba itakaa imejipinda na kuchanika mapema. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha matairi, hata kama ulichora alama. Alama inamfikisha mteja kwenye mashine ya alaimenti, basi.

Zile za zamani usizitupe. Mpe mteja moja aishike, aisukume fimbo ndani, kisha aiachie. Mpya ya gesi inapanda yenyewe polepole. Yake, kama gesi imeshatoka, itabaki chini palepale alipoiacha, na ataisukuma tena kuhakikisha.